Faili Lililofutwa Lakini Halijaondoka



Hakuna kauli inayomchosha mtu mbele ya dirisha la huduma kama ile ya "mtandao unasumbua". Mtu ameondoka kijijini alfajiri, amefika kuomba namba ya malipo ya leseni ya biashara au kufungua kadi ya matibabu, naye anaambiwa aketi kwenye benchi. Mara nyingi kauli hiyo ni ya kweli, maana nyaya hukatika na umeme huzimika, hasa masika yanapokolea. Lakini zipo siku ambazo mtandao hauna kosa lolote. Kompyuta kuu inayohifadhi taarifa, yaani seva, imejaa pomoni na haina nafasi ya kuandika hata risiti moja. Fundi amefuta mafaili makubwa ili kuipunguzia mzigo, mafaili hayaonekani tena, na bado nafasi haijarudi.

Somo la toleo hili linahusu jambo hilo: kwa nini faili la kanzidata huweza kufutwa lisiondoke, na namna ya kuliondoa bila kupoteza kumbukumbu za watu. Limeandikwa kwa ajili ya vijana wa kata yetu wanaosoma TEHAMA, makatibu wa vyama vya ushirika wa kahawa wanaoanza kutunza hesabu katika kompyuta, wenye maduka ya steshenari, na kila mkazi anayetaka kujua taarifa zake hukaa wapi. Mwandishi si mhandisi. Taaluma yangu ni mawasiliano kwa umma, na haya niliyafahamu kwa kukaa karibu na maafisa TEHAMA na kuwauliza maswali ya kijinga bila haya. Labda ndiyo sababu nitaanzia masjala badala ya kompyuta.

Kila aliyewahi kuingia masjala ya ofisi ya serikali ameona vitu viwili: rafu zenye majalada, na rejista iliyo mezani kwa mtunza kumbukumbu. Rejista ina majina ya majalada, na mbele ya kila jina ipo namba. Jalada lenyewe halimo ndani ya rejista. Limo rafuni, nalo hutambuliwa kwa namba. Sasa fikiri kwamba jalada la kiwanja fulani limechukuliwa na Afisa Ardhi, nalo liko mezani kwake analisoma. Wakati huo huo mtu anafika masjala na kulikata jina la jalada hilo kwenye rejista kwa kalamu nyekundu. Je, jalada limetoweka? La hasha. Lingali mezani kwa Afisa, anaendelea kulisoma na hata kuongeza karatasi ndani yake. Kilichotoweka ni njia ya mtu mwingine kulipata. Na nafasi yake rafuni haiwezi kupewa jalada jingine maadamu Afisa hajamaliza kazi nalo.

Hivyo ndivyo unavyofanya kazi mfumo endeshi wa Unix, uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani kwa mikono ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Ufini, Linus Torvalds, alianza kuandika Linux, mfumo unaofuata kanuni zile zile, na leo sehemu kubwa ya seva duniani huendeshwa kwa huo. Simu za Android nazo zina kiini cha Linux ndani yake. Kwa hiyo kanuni ninayoieleza hapa haiko mbali katika vyumba vyenye viyoyozi tu. Iko pia katika mfuko wa koti la mchuuzi anayevuka Mto Songwe kwenda sokoni upande wa Malawi.

Katika Unix, saraka ni rejista. Ina majina, na kila jina lina namba ambayo wataalamu huiita inodi. Inodi ndiyo jalada: hutunza ukubwa wa faili, mwenye faili, ruhusa zake, na mahali maandishi yake yalipo kwenye diski. Faili moja laweza kuwa na majina mawili au matatu katika rejista, yote yakielekeza kwenye namba ile ile. Kiini cha mfumo huweka hesabu mbili kwa kila faili: lina majina mangapi, na ni programu ngapi zimelishika kwa sasa. Nafasi ya diski huachiliwa pale tu hesabu zote mbili zinapofika sifuri.

Amri ya kufutia, yaani `rm`, hugusa hesabu ya kwanza peke yake. Hukata jina. Hata waundaji wa mfumo hawakuiita kazi hiyo kufuta. Jina walilolipa ndani ya kiini lina maana ya kutengua kiungo. Ukilielewa hilo, nusu ya somo hili umekwisha kuipata.

Na miongoni mwa programu zote zinazoshika mafaili, hakuna yenye mkono mgumu kama kanzidata. Programu ya kuandikia barua hufungua faili, husoma, hufunga. Kanzidata hufungua mafaili yake pale inapowashwa na kwa kawaida huendelea kuyashika siku na miezi, kwa sababu kila sekunde huenda mtu akaomba risiti au rekodi ya mgonjwa. Ukilifuta faili lake wakati inafanya kazi, kanzidata haishtuki. Inaendelea kuandika na kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea. Watumiaji hawaoni tofauti. Hapo ndipo penye hatari, na nitaeleza kwa mkasa mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaajiriwa katika nafasi hii, nilifanya kazi ya muda katika ofisi moja nisiyoitaja, mbali na hapa. Ofisi hiyo ilipokea ada kutoka kwa wazazi na kuzihifadhi katika kanzidata iliyokuwa kwenye seva moja chini ya meza. Jumamosi moja seva ilijaa. Kijana aliyekuwa zamu alitafuta faili kubwa kuliko yote, akaliona lenye jina lisiloeleweka, akadhani ni masalia ya mfumo wa zamani, akalifuta. Akatazama nafasi ya diski: bado imejaa. Akafuta mengine madogo: bado. Muda wote huo karani wa dirisha la pili alikuwa akiendelea kupokea ada na kutoa risiti bila tatizo, akaja hata kumwuliza kijana kama anataka chai. Mwishowe kijana akafanya lile ambalo wengi wetu hulifanya kompyuta ikitutatiza. Akaizima na kuiwasha upya.

Nafasi ilirudi, tena nyingi. Seva iliwaka, kanzidata ikalitafuta faili lake, haikulikuta. Faili lile kubwa lenye jina lisiloeleweka lilikuwa ndilo lenye ada zote. Kabla ya kuzima, taarifa zilikuwa nzima, zimeshikwa mkononi na kanzidata, na zingeweza kuokolewa kwa dakika chache. Kuzima ndiko kulikoifanya hesabu ya pili ifike sifuri. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa na umri wa wiki tatu. Wiki mbili zilizofuata nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwaomba wazazi walete risiti zao za karatasi, nasi tukaziingiza moja moja. Wapo waliokuwa wamezitupa. Mama mmoja alitoa yake kutoka kwenye kitambaa alichokifunga kiunoni, akaninyoshea bila kusema neno, nami nilijua anachokifikiri juu ya kompyuta zetu.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa anayekutana na hali hii ni kutokuzima chochote. Nafasi ya diski isiporudi baada ya kufuta, hiyo ni habari: yupo aliyelishika faili. Kabla ya kumlazimisha aliachie, jiulize kama alichokishika ni takataka au ni mali.

Njia ya kumtambua ni nyepesi. Amri `df -h` huonyesha diski imejaa kiasi gani kwa hesabu ya kiini chenyewe. Amri `du -sh` hujumlisha mafaili yanayoonekana kwa majina. Majibu ya amri hizi mbili yakipishana kwa kiasi kikubwa, aghalabu tofauti hiyo ni mafaili yaliyokatwa majina lakini yangali mikononi mwa programu. Kisha mtumiaji mkuu huandika `lsof +L1`, naye huletewa orodha ya mafaili yaliyofunguliwa yasiyo na jina hata moja, pamoja na namba ya programu iliyoshika kila moja na ukubwa wake. Ni sawa na kupita kila meza ya ofisi ukiuliza nani ana jalada ambalo halimo kwenye rejista.

Ikiwa orodha inaonyesha faili la kumbukumbu za matukio, yaani lile ambalo programu huandika mistari ya taarifa zake za kila siku, dawa ni kuiambia programu ilifunge na kufungua jipya, au kuiwasha upya programu hiyo peke yake kwa wakati usiowasumbua wananchi. Seva nzima haihitaji kuguswa.

Ikiwa orodha inaonyesha faili la kanzidata ambalo halikupaswa kufutwa, acha kila kitu kingine. Zuia watumiaji wasiingize taarifa mpya, kisha iombe kanzidata yenyewe itoe nakala kamili ya yote iliyo nayo na kuiweka kwenye diski nyingine. Yeye aliyelishika faili ndiye awezaye kulisoma. Katika Linux ipo pia njia ya pembeni: ndani ya saraka ya `/proc`, chini ya namba ya programu husika, kuna mlango wa kila faili lililoshikwa, na faili laweza kunakiliwa kupitia mlango huo hata kama halina jina. Njia hii imeokoa watu wengi, lakini kwa kanzidata yafaa uandishi uwe umesimamishwa kwanza, la sivyo utapata nakala iliyonakiliwa nusu kabla ya mabadiliko na nusu baada yake.

Na ikiwa ni faili la kanzidata ambalo kweli halihitajiki tena, basi kosa lilikuwa katika mpangilio wa hatua. Faili la namna hiyo halianzi kuondolewa kwa `rm`. Huanzia ndani ya kanzidata, kwa sababu kanzidata ina rejista yake yenyewe, tofauti na ile ya Unix. Katika Sybase, kwa mfano, faili kubwa linaloitwa kifaa husajiliwa kwa jina, na kanzidata hugawiwa nafasi ndani yake. Anayetaka kuliondoa huanza kwa kuhakikisha hakuna kanzidata inayolitumia; zile zisizohitajika huondolewa kwa `DROP DATABASE`. Hatua ya pili ni kukifuta kifaa katika usajili kwa `sp_dropdevice`. Wengi hukomea hapo wakidhani wamemaliza, ilhali amri hiyo haigusi faili lenyewe kwenye diski. Hulifuta kwenye rejista ya kanzidata tu. Katika matoleo ya zamani programu huendelea kulishika hata baada ya hapo, hivyo hulazimika kuzimwa na kuwashwa kwa utaratibu. Ndipo `rm` inapokuja, ikiwa ya mwisho.

Oracle nayo ina mtego kama huo. Ukiondoa eneo la kuhifadhia kwa `DROP TABLESPACE` bila kusema waziwazi kwamba na mafaili yaondolewe, mafaili mara nyingi hubaki kwenye diski yakiwa yatima. MySQL ina yake: pale ambapo majedwali yote yamewekwa katika faili moja la pamoja, kufuta jedwali hakulipunguzi faili hilo hata kidogo, nafasi iliyoachwa hutumika tena kwa ndani, lakini diski hairudishiwi kitu. Tangu toleo la 5.6 kila jedwali hupewa faili lake kama kawaida, na jedwali likiondolewa faili lake huondoka nalo.

Neno juu ya kuua programu kwa nguvu. Vijana wanaoanza hupenda `kill -9` kwa sababu huleta matokeo papo hapo. Kwa kanzidata ni sawa na kumnyang'anya karani daftari akiwa katikati ya kuandika jumla. Kila kanzidata ina amri yake ya kuzimwa, nayo hutumia muda huo kukamilisha maandishi yaliyo kumbukani. Mwache amalize mstari.

Upo pia ukaidi wa aina nyingine, usiohusu kushikwa. Faili likiwa na jina linaloanza na kistari, `rm` hudhani ni maelekezo, si jina, andika `rm ./-hesabu.dat` na jambo litakwisha. Jina likiwa na nafasi au herufi zisizoonekana, amri `ls -lib` hulionyesha lilivyo pamoja na namba ya inodi, na ukisha kuipata namba, `find . -xdev -inum 48213 -ok rm {} \;` italitafuta kwa namba hiyo badala ya jina na kukuuliza kabla ya kulifuta. Weka namba uliyoiona wewe, si hii ya mfano. Katika diski za pamoja zinazofikiwa kupitia mtandao, huenda ukafuta faili na papo hapo likazuka jingine lenye jina linaloanza na `.nfs`. Ukilifuta, linarudi, kama ndago shambani. Hilo nalo ni faili lililoshikwa na programu. Mzizi wake uko kwenye kompyuta iliyolifungua, na hapo ndipo pa kuchimba.

Kuhusu ruhusa, wengi hukosea jambo moja. Uwezo wa kufuta faili hautokani na ruhusa ya faili bali na ruhusa ya saraka lililomo. Mwenye kalamu ya rejista ndiye awezaye kukata jina, hata kama haruhusiwi kufungua jalada. Hivyo faili lililofungwa lisiandikwe laweza kufutwa na mtu mwenye mamlaka juu ya saraka. Kinyume chake, faili lenye alama ya kutobadilika humkatalia hata mtumiaji mkuu. Alama hiyo huonekana kwa `lsattr` na huondolewa kwa `chattr -i`. Kabla ya kuiondoa, kumbuka kwamba haijiweki yenyewe aghalabu. Yupo aliyeiweka, na huenda alikuwa na sababu. Mpigie simu kwanza.

Mfumo ukikataa kufuta chochote na kusema diski ni ya kusomwa tu, usishindane nao. Mara nyingi diski hiyo inaugua, na kiini kimejilinda. Hamisha taarifa zilizomo ungali unaweza kuzisoma.

Sasa nije kwenye upande ambao haumo katika vitabu vya Unix, lakini unaihusu kila ofisi ya umma. Kumbukumbu ya serikali si mali ya fundi wala ya mkuu wa idara. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa namna kumbukumbu za umma zinavyotunzwa na kuteketezwa, na kumbukumbu ya kielektroniki haijasamehewa kwa kuwa haishikiki kwa mkono. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazuia kutunza taarifa za mtu kupita muda unaohitajika kwa kusudi lililozikusanya. Hapa pana mvutano wa kweli: sheria moja inasema usiteketeze ovyo, nyingine inasema usikumbatie milele. Kwa maoni yangu, mvutano huo hauamuliwi saa nane usiku diski ikiwa imejaa. Huamuliwa mapema, kwa ratiba iliyoandikwa, ili fundi anapofika mbele ya faili ajue kama anaruhusiwa kuligusa.

Wenye maduka ya steshenari, sehemu hii inawahusu kuliko mnavyodhani. Wateja huleta vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na barua za mikopo ili vipigwe nakala au vitumwe kwa barua pepe, na picha za nyaraka hizo hubaki katika kompyuta ya duka. Nyingi ya kompyuta hizo hutumia Windows, ambayo kwa kawaida hukataa kufuta faili lililofunguliwa na programu nyingine na kukuambia kwamba linatumika. Katika hilo ni kali kuliko Unix. Lakini mifumo yote miwili inalingana katika jambo moja: jina likisha kukatwa na nafasi kuachiliwa, maandishi yenyewe mara nyingi hubaki kwenye diski mpaka yaandikwe mengine juu yake. Anayeinunua kompyuta yako kuukuu huko Tunduma, akiwa na programu inayopatikana bure, aweza kusoma kitambulisho cha jirani yako.

Kwa diski za zamani zenye sahani zinazozunguka, ipo amri ya `shred -u` inayoandika juu ya faili mara kadhaa kabla ya kulifuta. Kwa diski mpya za SSD amri hiyo haina uhakika, kwa kuwa diski yenyewe huhamisha maandishi mahali pengine bila kuuliza. Hizo ni heri zifungwe kwa nywila ya usimbaji tangu siku ya kwanza, na siku ya kuziuza ufunguo huo ukafutwa. Diski isiyowaka tena haifutiki kwa amri yoyote. Itoe ndani ya kompyuta na uivunje kwa nyundo, kisha uiuze kompyuta bila diski.

Mwenye chama, shule au duka ambaye seva au kompyuta yake imejaa, na amekwisha kufuta faili na nafasi haikurudi, asiizime. Aiache ikiwaka, aandike pembeni jina la faili alilolifuta na saa aliyolifuta, kisha afike ofisi ya Mtendaji wa Kata ili aunganishwe na Afisa TEHAMA wa Halmashauri, Itumba.